Jiwe na karatasi yake: waokotaji wa amonaiti, kutoka Charmouth hadi Miritini

Katika ufukwe wa Charmouth, kusini mwa Uingereza, mgeni na mwenyeji hutambulikana kwa namna wanavyosimama. Ni asubuhi ya Januari na dhoruba imevuma usiku kucha. Mgeni amefika na nyundo mpya, macho yake yako juu, kwenye genge jeusi liitwalo Black Ven. Mwenyeji amelipa genge mgongo. Anatembea taratibu ukingoni mwa maji yanayokupwa, ameinama kama mchokoa pweza wa Jambiani, na kwa nusu saa nzima hajagonga jiwe lolote.

Anachokitafuta kina ukubwa wa kifungo cha koti. Mawimbi yamechekecha ufukwe usiku mzima, na vitu vizito vimetua pamoja katika mifereji midogo kati ya mawe: misumari yenye kutu, kokoto nyeusi, vipande vya pairiti. Hapo katikati kuna kitu cha mviringo. Anakiokota, anakisuuza katika dimbwi, anakigeuza kwenye mwanga. Kinafanana na kamba ndogo ya shaba iliyojiviringa. Mbavu zake nene zimepangana sawasawa, kama nyuzi za kamba ya katani iliyosokotwa na fundi, mzunguko ndani ya mzunguko, hadi katikati kabisa ambako jicho linashindwa kufuata. Ni amonaiti, na wataalamu humwita Promicroceras. Alikuwa mnyama wa baharini, naye amelala katika matope ya pwani hii kwa zaidi ya miaka milioni 190.

Mwenyeji hamtii mfukoni bado. Anatoa kwanza kijidaftari na penseli. Anaandika tarehe, upande wa ufukwe, na ni chini ya sehemu ipi ya genge. Kisha anachana kipande cha karatasi, anakiandika namba ileile na kukifunga pamoja na jiwe ndani ya kijifuko cha plastiki. Anayetazama kwa mbali anaweza kudhani hayo ni makaratasi tu ya karani. Lakini kipande hicho cha karatasi ndicho kinachotenganisha kisukuku na pambo la mezani, na habari yote ya amonaiti, tangu karne ya kumi na tisa hadi leo, inazunguka hapo.

Amonaiti hakuwa konokono, ingawa gamba lake linadanganya. Ndugu zake wa karibu katika bahari ya leo ni pweza, ngisi na dome. Gamba lilikuwa refu, limejikunja kwenye bapa moja, na ndani yake liligawanywa vyumba kwa kuta nyembamba. Mnyama mwenyewe aliishi katika chumba cha mwisho, kile cha mlangoni. Alipokua alisogea mbele, akajenga ukuta nyuma yake, akaacha chumba kitupu. Mrija mwembamba ulipita katika vyumba vyote na kuondoa maji ili gesi ichukue nafasi yake, na kwa njia hiyo gamba zito liliweza kuelea.

Pale kuta hizo zilipokutana na gamba la nje ndipo palipo urembo ambao waokotaji hawauchoki. Kuta hazikuwa bapa. Kingo zake zilipinda, zikajikunja, zikachanika matawi juu ya matawi kama kingo za jani la mpapai. Gamba la nje likibanduka, mishono hiyo huonekana wazi juu ya jiwe, na kila spishi ina mchoro wake. Mtu aliyezoea huitumia kumtambua amonaiti hata akiwa amebaki kipande cha ukubwa wa ukucha.

Kipindi cha Jurasiki kilianza miaka takriban milioni 201 iliyopita na kuisha miaka takriban milioni 145 iliyopita. Uingereza ya wakati huo ilikuwa visiwa vilivyotapakaa katika bahari ya joto isiyo na kina kikubwa. Amonaiti walijaa humo. Waliendelea kuishi hata baada ya Jurasiki, mpaka walipotoweka miaka milioni 66 iliyopita, katika janga lilelile lililowamaliza dinosaria.

Binadamu waliwaokota muda mrefu kabla ya kujua ni nini. Jina lenyewe linatoka Afrika: Amoni, mungu wa Wamisri, alichorwa akiwa na pembe za kondoo dume, na Pliny Mrumi, aliyefariki mwaka 79, aliandika juu ya jiwe takatifu la Ethiopia lenye rangi ya dhahabu na umbo la pembe hizo. Nchini Nepal, mto Kali Gandaki huteremsha amonaiti weusi kutoka milima ya Himalaya, na Wahindu huwaheshimu kama alama ya Vishnu. Huwekwa katika mahekalu na madhabahu za nyumbani. Huko Whitby, kaskazini mwa Uingereza, watu walisimulia kwamba Hilda, mtawa aliyeanzisha abasia mwaka 657, aliwageuza nyoka wote kuwa mawe. Kwa kuwa nyoka hao wa mawe hawakuwa na vichwa, wachuuzi wa mji walichukua tindo na kuwachongea. Nyoka watatu waliojiviringa bado wamo katika nembo ya mji huo, na jenasi moja ya amonaiti wanaopatikana katika magenge yake inaitwa Hildoceras.

Biashara ya vitu hivyo ndiyo iliyomlea mwokotaji maarufu kuliko wote. Mary Anning alizaliwa mwaka 1799 Lyme Regis, mji jirani na Charmouth. Baba yake, Richard, alikuwa seremala wa samani aliyeongeza kipato kwa kuwauzia visukuku wageni waliokuja kupunga upepo wa bahari. Alipofariki mwaka 1810 aliiachia familia madeni. Inasimuliwa kwamba muda mfupi baadaye Mary alirudi kutoka ufukweni na amonaiti mkononi, bibi mmoja akamnunua amonaiti huyo kwa nusu krauni, fedha ya kutosha chakula cha siku kadhaa, na tangu hapo binti akajua njia ya kumsaidia mama yake.

Anning anakumbukwa zaidi kwa majitu ya baharini: iktiosauri aliyemfukua na kaka yake Joseph mwaka 1811 na 1812, kisha plesiosauri mzima mwaka 1823. Ila amonaiti ndio waliolipa kodi ya nyumba. Alikwenda ufukweni wakati wa baridi, kwa sababu ndipo genge linapoporomoka na kuanika vitu vipya. Mwaka 1833 poromoko lilimuua mbwa wake, Tray, hatua chache kutoka miguuni pake. Wanasayansi wa London walinunua visukuku vyake, wakaviandikia makala, na mara nyingi jina lake halikutajwa. Chama cha Jiolojia cha London hakikuwapokea wanawake kuwa wanachama hadi mwaka 1919, miaka 72 baada ya kifo chake. Sanamu yake ilisimamishwa Lyme Regis mwaka 2022, baada ya kampeni iliyoanzishwa na msichana wa shule.

Hapa inafaa kumleta mtu mwingine, kwa sababu bila yeye amonaiti wangebaki vitu vya dukani. William Smith alikuwa mpimaji wa mifereji. Katika miaka ya 1790, akisimamia uchimbaji wa mfereji wa makaa ya mawe huko Somerset, aliona jambo ambalo wachimbaji walilipita kila siku: kila tabaka la mwamba lina visukuku vyake, na mpangilio haubadiliki. Matope mawili yanaweza kufanana kwa rangi, kwa ugumu, hata kwa harufu, lakini amonaiti waliomo huyatofautisha. Kwa ujuzi huo Smith alichora ramani ya miamba ya Uingereza na Wales na kuichapisha mwaka 1815. Madeni yalimwandama. Alilazimika kuuza mkusanyiko wake wa visukuku kwa British Museum, na mwaka 1819 alifungwa gerezani kwa ajili ya deni.

Aliyeifikisha kazi hiyo mbali zaidi alikuwa kijana wa Kijerumani, Albert Oppel. Alizunguka Ujerumani, Ufaransa na Uingereza akilinganisha amonaiti, tabaka kwa tabaka, na kati ya 1856 na 1858 akachapisha kitabu kilichoigawa Jurasiki katika kanda, nyingi zikipewa jina la amonaiti wake. Oppel alifariki mwaka 1865 akiwa na miaka 34. Njia yake haijafa. Leo Jurasiki ya kaskazini magharibi mwa Ulaya ina kanda zaidi ya 70, na nyingi kati yake ni za muda usiofika miaka milioni moja.

Iweje mnyama mmoja awe saa nzuri namna hiyo? Kwa sababu amonaiti walibadilika haraka. Spishi ilizuka, ikaenea baharini, ikatoweka, nyingine ikashika nafasi yake, na gamba la kila moja lina mbavu, miiba, ukingo na mishono ya kwake. Mawe ya volkano hupimwa umri kwa vipimo vya mionzi, lakini matope ya bahari mara nyingi hayana kitu cha kupimwa hivyo. Yana amonaiti. Mtaalamu akishika kipande kimoja kilichovunjika anaweza kusema tabaka lile limetangulia au limefuata lile lililo nchi ya pili.

Saa hiyo inafanya kazi kwa sharti moja: ijulikane jiwe lilitoka wapi. Amonaiti aliyeokotwa na kuwekwa kwenye kabati bila maandishi ni mzuri, anang'aa, na hana la kusema. Ndiyo maana wakongwe wa Charmouth hukasirika kwa dhati wanapoletewa sanduku la marehemu fulani, miaka 40 ya kuokota, na humo ndani hakuna karatasi hata moja.

Mfano bora wa kile ambacho mtu wa kawaida anaweza kufanya uko Kimmeridge, mashariki mwa pwani hiyohiyo. Steve Etches alikuwa fundi bomba. Kwa zaidi ya miaka 30 alitumia saa zake za mapumziko kukusanya visukuku vya udongo mgumu wa Kimmeridge, akavisafisha gereji kwake na kurekodi tabaka la kila kimoja. Mkusanyiko ulipita vipande 2,000, na mwaka 2016 ukafunguliwa kama jumba la makumbusho kijijini hapo. Kati ya vitu vyake kuna vijidude vidogo vya mviringo, vimekusanyika pamoja na magamba ya amonaiti. Mwingine angevifuta kama uchafu. Mwaka 2009 Etches na wenzake walichapisha maelezo yao: ni mayai ya amonaiti, pamoja na magamba ya vichanga.

Mmoja wa wenzake hao alikuwa John Callomon, profesa wa kemia wa chuo kikuu cha London ambaye amonaiti walikuwa mapenzi yake ya mwisho wa juma. Miaka ya mwanzo ya 1960, yeye kwa upande wake na Henryk Makowski wa Poland kwa upande wake, walitatua fumbo la siku nyingi. Katika tabaka moja waokotaji walikuwa wakipata amonaiti wakubwa na wadogo wa aina mbili, zikapewa majina mawili kama spishi mbili. Walipowachunguza waligundua kwamba mizunguko ya ndani, ile ya utotoni, ni sawa kabisa. Tofauti huanza ukubwani. Amonaiti hao walikuwa jike na dume. Wakubwa huhesabiwa kuwa majike. Hoja hiyo isingewezekana bila maelfu ya vipande vilivyoandikwa tabaka lake, na wengi wa waliovikusanya walikuwa watu wenye ajira nyingine kabisa.

Rudi sasa Charmouth, maana huenda msomaji anauliza: mbona watu wanaruhusiwa kuchukua? Pwani hii, kilomita zipatazo 155 kutoka Exmouth hadi Studland, ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001. Jibu liko katika genge lenyewe. Limejengwa kwa udongo laini na matabaka membamba ya mawe chokaa. Mvua za baridi hulijaza maji, linateleza, linamwagika ufukweni, na bahari hulisaga. Kisukuku ambacho hakikuokotwa leo hakisubiri watafiti wa kesho. Baada ya bamvua chache kinakuwa mchanga.

Kwa hiyo ukawekwa utaratibu. Anayeokota kilichoanguka ufukweni anakichukua. Hakuna ruhusa ya kuchimba ndani ya genge bila idhini ya mwenye ardhi. Kisukuku chenye umuhimu mkubwa wa kisayansi hupelekwa kituo cha Charmouth kikaandikishwe, ingawa hubaki mali ya aliyekipata. Upande wa magharibi wa Lyme Regis, kwenye ufukwe wa Monmouth, kuna sakafu ya mawe chokaa iliyojaa amonaiti wakubwa, wengine wenye upana wa zaidi ya nusu mita. Hao haruhusiwi mtu kuwagonga, ni wa kutazamwa na kupigwa picha maji yanapokupwa.

Ufaransa imechukua njia nyingine. Karibu na mji wa Digne kuna ubao wa mwamba ulioinuka kando ya barabara, na juu yake amonaiti zaidi ya 1,500 wa mwanzo wa Jurasiki. Eneo lote ni hifadhi ya jiolojia tangu 1984, na kuokota ni marufuku. Nchi zote mbili ziko sahihi. Ubao wa Digne haukimbii. Genge la Charmouth linakimbia kila mwaka. Sheria ya mahali inapaswa kufuata tabia ya mwamba wa mahali.

Genge hilo si la kuchezea. Mwaka 2012 poromoko liliua mtu aliyekuwa akitembea chini ya magenge ya Burton Bradstock, mashariki zaidi katika pwani hiyo. Matope ya Black Ven yanaonekana makavu juu na kumbe chini ni uji unaomeza mguu hadi pajani. Na kati ya Charmouth na Lyme Regis maji yakijaa hufika hadi kwenye genge, hapana njia ya mbele wala ya nyuma. Mwenyeji hutazama jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kutazama kitu kingine chochote, na hutoka nyumbani ili awe ufukweni wakati maji yanashuka.

Nyundo ina siku yake. Amonaiti wengine wamo ndani ya mawe magumu ya mviringo, na dalili pekee ni mstari mwembamba mweupe ubavuni mwa jiwe, mahali wimbi lilipokwaruza ukingo wa gamba. Mwokotaji huvaa miwani ya kukinga macho, huliegemeza jiwe juu ya mwamba imara, na kuligonga pembeni badala ya katikati. Likikubali, hufunguka kama nazi. Upande mmoja hubaki amonaiti, upande wa pili alama yake. Vipande vyote viwili huenda nyumbani, hata vijichembe vilivyoruka, kwa kuwa gundi ni rahisi kuliko majuto.

Nyumbani ndiko kazi inakoanzia kwa walio wengi. Chumvi hutolewa kwa kuloweka jiwe katika maji baridi ya bomba kwa siku kadhaa, maji yakibadilishwa. Mwamba uliobaki hung'olewa kwa kalamu ya hewa, chombo chenye ncha ya chuma kinachotetema kwa kasi kubwa kwa nguvu ya kompresa. Kazi hufanywa chini ya lenzi, ubavu mmoja baada ya mwingine, na amonaiti mwenye miiba anaweza kula jioni za mwezi mzima. Wapo amonaiti wa tabaka za juu za hapo, Androgynoceras, ambao vyumba vyao vilijaa kalisaiti ya kijani. Wakisuguliwa vizuri, ukuta wa gamba huwa mwembamba kiasi cha kuonyesha ukijani huo kwa ndani, chumba kwa chumba, kama taa iliyofunikwa kitambaa.

Amonaiti wa pairiti wana ugonjwa wao. Pairiti ni chuma na salfa. Ikikutana na hewa yenye unyevu huoza na kutoa asidi ya salfuri. Kwanza huonekana unga mweupe au wa njano, halafu nyufa, halafu sanduku zima linanuka kiberiti na ndani yake kumebaki vumbi. Nguvu ya mmenyuko huo si ndogo: mwaka 1908 joto lake liliwasha mwamba wenye mafuta katika genge la Lyme Regis, likafuka moshi, na watu wakaja kutazama walichokiita volkano. Tiba ni ukavu. Kijisanduku kinachofunga vizuri, kijifuko cha chembechembe za kunyonya unyevu, na ukaguzi wa mara kwa mara. Karatasi nayo huliwa na asidi hiyo, kwa hiyo wenye busara huandika namba mara mbili, mara moja kwa wino juu ya jiwe na mara moja katika daftari linalokaa mbali.

Soko lipo, tena kubwa. Amonaiti waliokatwa katikati na kung'arishwa, wanaouzwa katika maduka ya zawadi duniani kote, wengi wanatoka Madagascar, baadhi wakiwa wa Jurasiki na wengi wa kipindi kilichofuata. Mnunuzi hupata umbo zuri na neno moja tu la anwani: Madagascar. Tabaka limeshasahaulika, na haliwezi kurudishwa kwa bei yoyote.

Msomaji wa Mombasa asidhani habari hizi ni za mbali. Kisiwa chenyewe ni matumbawe ya juzi kwa hesabu ya jiolojia, lakini ukivuka kwenda bara, Changamwe na Miritini, chini ya miguu kuna udongo wa matabaka wa bahari ya Jurasiki. Majina ya vitongoji hivyo yamo katika vitabu vya jiolojia, kwa kuwa tabaka zenyewe zimepewa majina hayo. Ndiyo Miritini ileile ya kituo cha reli ya SGR. Bahari iliyoyaweka matope hayo ndiyo iliyoanza kuingia Afrika ilipokuwa ikiachana na Madagascar na India.

Amonaiti wa Mombasa walifika Ulaya mapema. Mjerumani J. M. Hildebrandt aliwakusanya, na mwaka 1877 Ernst Beyrich akawaelezea mbele ya chuo cha sayansi cha Berlin. Baadaye Bi McKinnon Wood alikusanya visukuku vingi katika pwani ya Kenya, na ripoti zake zikachapishwa na makumbusho ya Hunterian ya Glasgow mwaka 1930 na 1938. Leonard Spath wa British Museum, aliyewachunguza amonaiti wa pwani ya Afrika Mashariki, ndiye pia aliyepitia upya amonaiti wa Kachchh, magharibi mwa India, na undugu wa pande hizo mbili unaonekana kwenye magamba. Kachchh ndiyo iliyo na bandari ya Mandvi, ambako majahazi yalitoka kwa karne nyingi kuja Mombasa na Unguja. Amonaiti walitumia njia hiyo ikiwa bado bahari changa.

Upande wa Tanzania kuna Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, ukiongozwa mwanzoni na Werner Janensch na Edwin Hennig, ulitoa huko zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe, na wapagazi waliibeba hadi bandarini Lindi vichwani na mabegani. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, fundi ambaye wataalamu wenyewe walimtegemea. Kila mtu anakumbuka dinosaria, yule mwenye kimo cha zaidi ya mita 13 anayesimama Berlin. Wachache wanajua kwamba matabaka ya mifupa ya Tendaguru yamepishana na matabaka ya mchanga wa bahari, na kwamba amonaiti waliomo katika mchanga huo, waliochapishwa mwaka 1914, walisaidia kujua dinosaria hao waliishi wakati gani. Mifupa mikubwa ilikuwa kimya juu ya umri wake. Gamba dogo likajibu, kwa sababu kuna aliyeandika limetoka tabaka gani.

Utaratibu wa Charmouth hauwezi kuhamishiwa huku. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Zote mbili zinalinda visukuku, na kuvichimba au kuvisafirisha nje bila kibali ni kosa. Lakini kuona na kutoa taarifa si kosa, na pwani yetu inachimbwa kila siku: misingi ya nyumba, mitaro ya maji, barabara mpya, machimbo ya kokoto. Tingatinga hupita juu ya tabaka ambalo halijawahi kutazamwa na mtu, na jioni limefunikwa zege.

Basi, fundi, mwalimu au mwanafunzi utakayeona jiwe lililojiviringa katika udongo wa Changamwe, Miritini au Lindi, liache lilipo kwanza. Weka sarafu kando yake ili ukubwa wake ujulikane, upige picha, halafu picha nyingine ya shimo zima. Andika tarehe, jina la mahali, na kina cha shimo. Usilisugue, usilitie asidi, usiliuze. Peleka picha na maandishi yako Fort Jesus ukiwa Mombasa, au Makumbusho ya Taifa ukiwa Dar es Salaam, na uwaeleze ulisimama wapi ulipoliona.